Jina Nyuma ya Jiwe

Barua kutoka Uchina ilifika Jumatano asubuhi, na hadi saa nne Gaik Choo alikuwa ameisoma mara tano akiwa amesimama. Kila akikaa alijikuta ameinuka tena, mara dirishani, mara kwenye kabati la mafaili, kisha anarudi mezani kuisoma upya, kana kwamba maneno yangebadilika akiyapa mgongo.

Hayakubadilika. Aliyeiandika alikuwa mwalimu mstaafu wa kijiji cha Tai Poh, mtunzaji wa kitabu cha ukoo wa akina Ooi, ambacho kilikuwa na jina la kila mwanamume aliyezaliwa humo kwa vizazi kumi na tisa. Alieleza kwa adabu kwamba Ooi Kee Seng alikuwemo. Alikwenda kisiwani Penang akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kinu cha mpunga, akarudi nyumbani mwaka 1932 akiugua kifua. Alifariki mwezi wa sita wa mwaka uliofuata. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya kijiji na lilisafishwa kila mwaka.

Tabu ni kwamba Ooi Kee Seng alikuwa na kaburi jingine hapa hapa Penang, kwenye mteremko wa Mount Erskine. Huyu wa hapa alikufa mwaka 1958, akaacha mjane na watoto watatu.

Saw Gaik Choo alikuwa sajenti mstaafu. Alitumikia polisi miaka ishirini na sita, mingi kati ya hiyo kwenye kitengo cha nyaraka za kughushi, na alipostaafu aligeukia kazi ya kuwatafutia watu asili zao: babu alishuka kutoka meli gani, kijiji chake kipi, amezikwa wapi. Majirani waliendelea kumwita Afande. Wateja wake wengi walitaka hadithi ndefu ya kuwasomea wajukuu. Ooi Swee Lian hakutaka hadithi. Alikuwa mwalimu wa ushonaji aliyestaafu, mwenye miaka sabini na miwili, mtoto wa mwisho wa marehemu. Alipokuja miezi miwili iliyopita alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akasema ana swali moja tu. Baba yake alikuwa Ooi, au hakuwa?

Gaik Choo alimuuliza kwa nini ana wasiwasi. Swee Lian akajibu kwamba hana wasiwasi, anataka tu jibu liandikwe, na lipatikane kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Jumapili hiyo ilikuwa imebakiza siku nne.

*

Kaka wa Swee Lian, Ooi Teik Hock, alikuwa na duka la misumari, mabomba na rangi pale Air Itam. Alimwona Gaik Choo akivuka barabara na akamsubiri mlangoni.

"Afande, karibu. Leo umekuja kunikamata?"

"Bado. Nimekuja kuuliza."

"Kwa Afande kuuliza na kukamata ni dada na mdogo wake."

Alicheka, lakini hakumpa kiti. Alisema anajua mdogo wake anahangaika na makaratasi na kwamba yeye hapendi. Jumapili angeapishwa kuwa mmoja wa wadhamini wa nyumba ya ukoo wa Ooi. Kibao cha kuwaenzi wafu chenye jina la baba yake kilisimama kwenye ukumbi wa nyumba hiyo, safu ya tatu. Sasa watu wasikie kwamba polisi mstaafu anachunguza baba yake alikuwa nani? Alisema haya yote akipanga upya makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangwa vizuri.

Gaik Choo alimwambia kuhusu barua. Teik Hock akageuka, akaelekeza kidole ukutani, juu ya mashine ya kukatia risiti, mahali palipotundikwa karatasi ya manjano ndani ya fremu.

"Hiyo hapo. Soma mwenyewe. Serikali ya Mwingereza iligonga mhuri. Huyo mwalimu wa kijijini anao mhuri?"

Gaik Choo alivaa miwani na kusogea. Ilikuwa hati ya kurejea, aliyopewa mkazi wa Penang anayesafiri Uchina ili aruhusiwe kuingia tena, kwa kuwa miaka ile wanaume wapya walikuwa wakizuiwa. Jina: Ooi Kee Seng. Kazi: kibarua wa kinu. Imetolewa Aprili 1932. Umri: arobaini na mbili. Pembeni, mhuri wa kuingia, Machi 14, 1934. Picha ilikuwa imeliwa na ukungu ikabaki kola ya shati tu.

Karatasi yenyewe ilikuwa halali. Gaik Choo alijua karatasi ya kughushi hata kwa harufu, na hii haikuwa moja yao. Lakini mhuri ulisema mtu ameshuka melini miezi tisa baada ya kuzikwa.

"Baba yenu alifariki na miaka mingapi?" aliuliza, bado ameangalia ukuta.

"Arobaini na saba." Teik Hock alijibu haraka, maana alikuwa na miaka kumi na mitatu siku ile na ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza. Kisha akaitazama ile fremu mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuhesabu misumari maisha yake yote na hakuhitaji mtu wa kumfanyia hesabu. Mwenye hati ile angekuwa na miaka sitini na minane mwaka 1958.

Mteja mmoja aliingia, akaulizia bawaba, akaambiwa hazipo, ingawa zilining'inia nyuma ya kichwa cha mwenye duka.

Hatimaye Teik Hock alisema huenda baba yao alikuwa mtoto wa kulea. Kee Seng alimlea, akaona anakufa, akamwachia jina na karatasi. Alizungumza taratibu, kisha kwa kasi, kama mtu aliyeona njia ya kutokea. "Na mtoto wa kulea ni Ooi kamili, Afande. Muulize yeyote kwenye ukoo. Damu si hoja."

Gaik Choo alikubali kwamba inawezekana. Tofauti ya miaka ishirini na mmoja kati ya watu wale wawili ilitosha kabisa kwa baba na mwana. Aliandika kwenye daftari: mtoto wa kulea? Akapiga mstari chini yake, na hakuridhika.

*

Alimpigia simu mwalimu wa Tai Poh adhuhuri hiyo hiyo, akizungukazunguka meza mpaka waya wa simu ukamkaba kiunoni. Mwalimu alijibu bila kufungua kitabu. Watoto wa kulea huandikwa kama wengine, ila kwa wino mwekundu. Chini ya jina la Kee Seng hapakuwa na wino wa rangi yoyote. Alikufa bila mwana, na mstari wake umefungwa. Zaidi ya hayo, mwalimu aliuliza, ni baba gani anayempa mwana jina lake mwenyewe? Kila kizazi kilikuwa na neno lake ndani ya jina, na neno "Kee" lilikuwa la kizazi cha kumi na sita peke yake. Mwana wake angeitwa kwa neno la kizazi cha kumi na saba.

Lilikuwa jibu zuri. Hata hivyo, kitabu kilicho ng'ambo ya bahari kinaweza kukosa habari za mtoto aliyelelewa Penang. Gaik Choo alihitaji kitu ambacho marehemu mwenyewe alikisema.

Alhamisi alikwenda Mount Erskine na ndoo ya maji, brashi na boksi la chaki. Siku ya kusafisha makaburi ilikuwa karibu na familia kadhaa zilikwishaanza kufyeka. Moshi wa majani mabichi ulimuuma macho. Alilikuta kaburi la Kee Seng chini ya kichaka cha mihina, dogo, la mawe ya kijivu. Alilisugua, akaliacha likauke, kisha akapitisha chaki juu ya uso wake mpaka herufi zikajitokeza.

Katikati palikuwa na jina. Kulia tarehe, kushoto majina ya watoto. Juu kabisa palikuwa na herufi mbili kubwa, ambazo kwenye makaburi ya wahamiaji hutaja kijiji cha marehemu. Zilipaswa kusomeka Tai Poh. Zilisomeka Ek Tau.

Gaik Choo alichuchumaa akizitazama. Watoto wote watatu walisoma shule za Kiingereza. Hakuna aliyeweza kusoma herufi hata moja ya Kichina. Kila mwaka kwa miaka sitini na sita walisimama hapa na machungwa yao na ubani wao, mbele ya jibu, na hawakuliona. Alifungua daftari lake la vijiji. Ek Tau ilikuwa mlangoni mwa mto, mwendo wa nusu siku kutoka Tai Poh. Hakukuwa na Ooi hata mmoja huko. Kijiji kizima kilikuwa cha ukoo wa Khaw.

Bado mwana wa Khaw angeweza kulelewa na Ooi. Gaik Choo alizunguka nyuma ya jiwe. Zamani, kwenye kesi ya hati za kughushi, mzee mmoja alimweleza kwamba watu walioingia nchini kwa jina la kuazima walilitumia wakiwa hai tu. Wakifa walitaka lao. Udongo ulikuwa umepanda nyuma ya jiwe mpaka nusu. Alichimba kwa mikono, brashi ikavunjika mpini, akaendelea na kipande kilichobaki. Chini karibu na msingi, chaki ilishika kitu. Ilikuwa herufi moja, isiyozidi kiganja cha mtoto, iliyochongwa vizuri kuliko zote za mbele.

Khaw.

Mtoto wa kulea hana sababu ya kuficha jina nyuma ya kaburi lake. Na maiti hajichongei jiwe. Mtu fulani alikuwa ameambiwa, na yule mtu akamwambia fundi. Mwaka 1958 Swee Lian alikuwa na miaka sita na Teik Hock kumi na mitatu. Lakini dada yao mkubwa, Kim Lean, alikuwa na ishirini na miwili.

*

Kim Lean aliishi Balik Pulau, upande wa pili wa kisiwa, kwenye nyumba ya mbao iliyonukia kungumanga. Ijumaa asubuhi Gaik Choo alimkuta barazani, miaka themanini na minane, akichambua kungumanga zilizoanikwa kwenye sinia, vidole vyake vikienda vyenyewe bila macho. Alimkaribisha, akamtuma mkwe alete juisi, akamuuliza habari za barabara. Gaik Choo alijibu yote. Aliinuka mara mbili kutazama mvua iliyokuwa ikijikusanya mlimani, akakaa tena. Alikuwa amejifunza zamani kwamba ukimuuliza shahidi kama jambo limetokea, atasema halikutokea.

"Mama, ni wewe uliyemwambia fundi achonge nyuma ya jiwe, au ni mama yenu?"

Vidole vilisimama.

"Nani kakwambia kuna kitu nyuma?"

"Nimelichimbua mwenyewe jana."

Kim Lean alitazama kucha za Gaik Choo, zilizokuwa bado na udongo, akatikisa kichwa polepole. Alisema ni yeye. Baba yake alimwita siku tatu kabla ya kufa, akamwambia kwamba jina lake ni Khaw Eng Tuan. Huko Uchina meza yake sokoni ilikuwa jirani na ya mjane wa Kee Seng. Mjane alikuwa na hati isiyo na mtu, yeye alikuwa mtu asiye na hati, na nyumbani kulikuwa na njaa. Alishuka Penang akijibu jina la mfu, na kwa miaka ishirini na minne hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata mkewe kitandani, kwa hofu kwamba ulimi utazoea.

"Mlijua wawili tu?"

"Mimi na mama."

Gaik Choo aliandika. Kazi ilikuwa imekwisha. Swali la mteja lilikuwa na jibu. Alikuwa akifunga kalamu wakati Kim Lean alipouliza, "Lian amekwambia kwa nini anatafuta?"

"Hajaniambia."

"Basi nitakwambia mimi, maana yeye hatasema."

Mwaka 1976, alieleza, kulikuwa na fundi redio wa Bukit Mertajam aliyevuka kwa feri kila Jumamosi kuja kumwona Swee Lian. Kijana mpole, mcheshi, ambaye mama yao alimpenda mpaka siku alipouliza jina lake lote. Aliitwa Ooi Beng Lai. Ooi na Ooi hawaoani; ni ndugu, hata kama hawajuani. Mama akafunga mlango. Yule kijana hakukata tamaa. Alikuja mara ya mwisho na mpango wa kwenda Singapore, ambako hakuna ambaye angewauliza. Na Swee Lian, aliyekuwa amelia wiki nzima, alitoka mwenyewe hadi getini akamwambia: wewe ni kaka yangu, nenda zako, usinitie dhambini.

"Mimi nilikuwa nyuma ya pazia," alisema Kim Lean. "Hatua nne. Ningetoka hatua nne tu, ningesema neno moja."

"Kwa nini hukutoka?"

"Mama alinishika mkono."

Mama yao alikuwa na kitambulisho chekundu, alieleza, cha mkazi asiye raia, na aliingia nchini kama mke wa Ooi Kee Seng. Aliamini kwamba siku uongo ule ukijulikana, atarudishwa Uchina kufia huko bila mtoto. Labda isingekuwa hivyo. Wakati ule nani angethubutu kwenda ofisini kuuliza? Mama alifariki mwaka 1980. Beng Lai alikuwa ameoa mwaka mmoja nyuma.

"Nikasema, sasa nimwambie ili iweje? Kisha mwaka ukapita, ukapita mwingine. Ukishanyamaza sana, mwanangu, hata ukitaka kusema huna pa kuanzia."

Gaik Choo aliondoka mvua ilipoanza. Kabla ya kuwasha gari alipiga simu mbili, akaandika anwani moja nyuma ya daftari.

*

Jumamosi asubuhi aliweka ripoti mezani kwa Swee Lian, nyumbani kwake, pamoja na picha ya nyuma ya jiwe. Swee Lian hakuigusa.

"Alikuwa Ooi?"

"Hakuwa, Mwalimu. Alikuwa Khaw Eng Tuan wa Ek Tau."

Gaik Choo alitegemea machozi, au pumzi ya kutua mzigo. Alipata uso uliokauka.

"Una hakika? Hakulelewa na akina Ooi?"

"Nilitafuta njia hiyo. Haipo."

Swee Lian alitazama mikono yake. "Nilitaka uniambie alikuwa Ooi," alisema. "Nilisikia minong'ono mazishini kwa binamu wa mama, mwaka jana, ikanikosesha usingizi. Nilimfukuza mtu mwema getini kwangu. Miaka arobaini na minane najiambia nilifanya lililo sawa. Nilitaka liandikwe kwamba nilifanya lililo sawa."

Gaik Choo alisogeza kiti nyuma. Aliinuka, akakaa.

"Nani alijua?"

Lilikuwa swali ambalo angeweza kulikwepa. Ripoti ilisema tu "shahidi wa familia". Lakini mwanamke huyu alikuwa ameishi nusu karne juu ya jambo alilofichwa, na Gaik Choo hakutaka kuwa wa tatu kumficha.

"Mama yenu. Na dada yako mkubwa."

Swee Lian alikwenda jikoni. Maji yalisikika yakitiririka juu ya vikombe ambavyo hawakuwa wamevinywea. Aliporudi, mikono ikiwa bado imelowa, aliuliza kama dada yake anakula vizuri. Gaik Choo akasema amekonda kidogo, lakini anakula. Swee Lian akatikisa kichwa. Angekwenda Balik Pulau, alisema, lakini si wiki hii. Wiki hii hangejiamini na ulimi wake.

Kisha akauliza kama Afande anajua Beng Lai yuko wapi, kama yuko. Gaik Choo alifungua ukurasa wa nyuma wa daftari. Amefiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Duka lile lile, mtaa ule ule.

Nakala ya ripoti ilipelekwa Air Itam jioni hiyo. Teik Hock aliisoma akiwa amesimama kwenye kaunta na hakumpigia mtu simu. Jumapili alikwenda nyumba ya ukoo kwa suti yake, akawaambia wazee kwamba magoti yake hayawezi tena ngazi za ukumbini, wamtafute mdhamini mwingine. Akatoka na kibao cha baba yake kimefungwa kwenye taulo.

Saa ile ile Gaik Choo alikuwa akiendesha kuvuka daraja kwenda Bukit Mertajam, Swee Lian pembeni yake na mkoba mapajani. Swee Lian alishusha kioo, akakipandisha, akakishusha tena.

Duka lilikuwa jembamba, limejaa feni na redio zilizofumuliwa. Nyuma ya meza mzee mwenye fulana nyeupe alikuwa ameinamia waya. Gaik Choo alibaki kizingitini. Mzee alinyanyua kichwa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Lian," alisema.

"Nimekuja kukwambia jina langu." Sauti yake ilikuwa ya mwalimu mbele ya darasa. "Mimi siyo Ooi. Naitwa Khaw."

Mzee aliweka bisibisi chini.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa. Sikujua. Nakuapia, Beng Lai, siku ile sikujua."

Upande wa pili wa meza kulikuwa na kiti kilichorundikwa redio mbovu. Mzee alianza kuziteremsha sakafuni, moja moja, kwa sababu mikono yake haikuweza mbili kwa pamoja, mpaka kiti kikabaki kitupu. Akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa," alisema. "Anza mwanzo."